Mama Mkwe wa Saruji

Kama ulinisoma wiki iliyopita, uliniacha juu ya jukwaa, mita tisa kutoka ardhini, mwiko mkononi, plasta mbichi mbele yangu, na mwenzangu Kobe akiwa amekalia kichwa cha udongo.

Kama hukunisoma, usijali. Balaa langu halihitaji utangulizi mrefu.

Mimi ni fundi, na kazi yangu kwa sasa ni kujenga mti. Si kupanda. Kujenga. Mti wa nondo, wavu wa chuma na saruji, mita thelathini kwenda juu, katikati ya bustani ya michezo ambayo bado haijafunguliwa. Ndani una ngazi za kupandia watoto. Juu una majani elfu kumi na mbili ya plastiki, na kila jani nimelifunga au nimesimamia likifungwa. Mkurugenzi wa bustani alitaka mti usiofanana na mti wowote duniani, na katika shina lake alitaka uso. Mzee mwenye tabasamu, alisema, wa kuwakaribisha watoto.

Siku mke wangu alipojifungua binti yetu, tulikuwa tunamwaga zege la mizizi. Zege la namna ile ukishaanza kulimwaga husimami. Ukilikatisha, pale ulipokatishia ndipo patakapokuja kupasuka. Nikasema namalizia, nakuja.

Nilimalizia kesho yake. Nilipofika hospitali, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mke wangu na mtoto walikuwa wamekwenda kwa mama yake, na huu ni mwezi wa nne wako huko.

Mama mkwe wangu ni mkaguzi wa shule mstaafu. Enzi zake, walimu wakuu walikuwa wanaugua ghafla wakisikia gari lake linaingia getini. Amestaafu kazi, lakini macho hayajastaafu.

Asubuhi ile ya plasta alinipigia simu. Aliongea robo saa. Mimi nilisema "ndiyo, Mama" mara kumi na nane, Kobe alihesabu.

"Sijakukataa, mwanangu," alimalizia. "Ila nataka nione kwa macho yangu hiyo kazi iliyokuzuia kumwona mwanao. Nikiona, nitajua la kumwambia binti yangu."

Mke wangu naye akachukua simu, sauti ya chini. "Baba Kifaranga, mkoba wa mtoto nimeupanga tangu mwezi wa pili. Uko mlangoni hapa. Mama akiridhika, naubeba. Usiharibu."

Kifaranga ndiye binti yetu. Jina lake halisi nimelisoma kwenye cheti.

Kwa hiyo nilikuwa na kazi moja tu duniani: nisiharibu.

Sasa turudi juu ya jukwaa.

Kobe ni mchomeleaji wangu, rafiki wa miaka kumi na tano. Tunamwita Kobe kwa sababu hufanya kila kitu taratibu, isipokuwa kukaa. Kukaa hukaa kwa haraka sana, bila kuangalia. Na nilikuwa nimefinyanga kichwa cha udongo cha yule mzee mwenye tabasamu, Mkurugenzi akakipenda, nikakiweka juu ya ndoo ili nikitazame wakati nachonga uso mkubwa.

"Kobe, inuka."

"Nimechoka, bwana, dakika moja."

"Kobe, umemkalia mzee."

Aliinuka. Mzee alikuwa amekuwa chapati.

Wenzangu wa plasta wananielewa hapo. Mchanganyiko ulikuwa umeshapakwa shina zima, mita sita kwenda juu, jua linawaka. Ungeshika baada ya saa mbili. Ama nichonge uso palepale, kwa kichwa changu mwenyewe, ama nibandue plasta yote na kuanza upya wiki nyingine. Na wiki nyingine sikuwa nayo.

Katika kazi hii tuna sheria moja: shuka uone. Ukiwa jukwaani unachonga pua yenye ukubwa wa mlango, huoni uso, unaona pua. Kila robo saa unatakiwa ushuke, utembee hatua arobaini, ugeuke, utazame. Fundi aliyenifundisha alikuwa akinipiga kofi la kisogo nikipanda mara mbili bila kushuka mara moja.

Siku ile sikushuka. Sikuwa na muda wa kushuka. Nilianzia juu kwenye paji la uso nikaenda chini, mkono unakimbia.

Na nikiwa peke yangu na ukuta ule mbichi, maneno niliyoyameza asubuhi yakaanza kunipanda kooni.

"Kazi gani hii ya kujenga mti," Mama alikuwa amesema, "na Mungu miti anaitoa bure?"

"Miti ya Mungu haina ngazi ndani, Mama!" nikauambia ukuta, nikachimba kunyanzi la kwanza.

Kobe, ngazi moja chini yangu, akanyanyua kichwa. "Unaongea na nani?"

"Lete plasta."

Nikaendelea. Kwenye nyusi nilimwambia kwamba mimi si mwanafunzi wake. Kwenye pua nilimwambia kwamba hata angezaliwa malaika nyumbani kwangu, yeye angemkagua kucha. Nilipofika mdomo wa juu nilikuwa nagomba hasa, mate yananitoka. Nilisema amenishikia mke wangu kama mwalimu anayeshikilia mpira wa watoto kabatini. Nilisema na mengine ambayo mhariri wa gazeti hili hawezi kuyachapa.

"Maji yameisha," nikamwambia Kobe. "Nenda kachote."

Alikwenda. Kwenda kwa Kobe na kurudi ni nusu saa.

Sijui ni jua, sijui ni nini. Nilipofika mdomo wa chini hasira ziliniisha, zikatoka zote kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Nikaanza kuomba. Nilimwambia, Mama, nilikosea. Nilimwambia lile zege Kobe angeweza kulisimamia, anajua kila kitu kuhusu zege, kazi yangu pale ilikuwa kusimama tu na kunyoosha kidole. Nilimwambia sikwenda hospitali kwa sababu niliogopa. Saruji najua kuishika. Mtoto sikujua ningemshika vipi, na mke wangu angeniangalia nikishindwa.

Hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Niliuambia mdomo ule wa saruji, nikaulainisha kwa sponji, nikashuka.

Nikahesabu hatua arobaini. Nikageuka.

Mama mkwe alikuwa ananitazama.

Sisemi sura iliyofanana naye. Nasema yeye. Kidoti juu ya nyusi ya kushoto. Jicho moja limefinywa kidogo. Mdomo umekunjwa kama wa mtu anayengoja umalize uongo wako ili aanze yeye. Mita sita za mama mkwe, na zote zinaniuliza nilikuwa wapi.

Kobe akafika na ndoo yake. Akasimama. Akaiweka ndoo chini.

"Huyu mbona namjua?"

"Humjui."

"Namjua, bwana. Si ndiye aliyeninyang'anya sahani siku ya harusi yako? Aliniambia, 'Wewe umeshapita hapa mara mbili, na mara zote umejifanya mgeni.'" Akasogea nyuma hatua moja. "Ndiye! Bado ananikumbuka."

"Lete nyundo, Kobe."

"Saruji imeshaanza kushika."

"Ndiyo maana nimesema nyundo."

Nyundo ilikuja. Niliiinua. Wallahi niliiinua. Na sauti ikatoka nyuma yangu: "Simama hapo hapo!"

Mkurugenzi wetu ni mtu mwenye furaha nyingi na sauti kubwa, anacheka kabla hajafika. Lakini siku ile alipofika mbele ya uso ule hakucheka. Alisimama. Akaangalia juu. Kisha taratibu, bila kujua anachofanya, akaanza kuchomekea shati.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Huyu ni nani?"

"Ni makosa, Mkurugenzi. Si yule tuliyekubaliana. Nauvunja sasa hivi."

"Uuvunje, una wazimu? Nimejiona nimechelewa shule!" Sauti yake ikarudi. "Mtoto gani atatupa takataka mbele ya huyu? Mtoto gani atasukumana kwenye foleni? Wale wazee wenye tabasamu kila bustani wanao. Huyu hakuna aliye naye!"

"Mkurugenzi, mimi mwenyewe namwogopa huyu mama. Namwogopa mpaka ndotoni. Nakuomba tumwondoe."

"Unamwogopa?" Akanipiga bega, akacheka sasa. "Basi umefaulu."

Akampiga picha. Jioni yake picha ilikuwa imeshapelekwa kwa mchoraji wa mabango.

Msomaji, ngoja ucheke baadaye. Siku ya pili yake simu ikalia. Mke wangu.

"Mama anakuja Jumamosi. Saa nne asubuhi."

"Jumamosi hii?"

"Kwani ipo nyingine? Na mkoba naubeba, nitauacha garini. Baba Kifaranga, mbona unahema?"

"Nimepanda ngazi."

Sikuwa nimepanda ngazi yoyote. Nilikuwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji, nimeshika kichwa.

Kobe ndiye aliyetoa ushauri wa ndevu. Tulikuwa na marundo ya mizizi ya plastiki, ile ya kuning'iniza kwenye matawi. "Tukimwotesha ndevu," alisema, "nani atamjua?" Ushauri wa Kobe husikika vizuri mpaka utakapoutekeleza. Tulifunga ndevu siku nzima ya Alhamisi. Tuliposhuka na kuhesabu hatua arobaini, tulimkuta mama mkwe yuleyule, kidoti kilekile, ila sasa ana ndevu mpaka kiunoni na amekasirika zaidi, kama mtu aliyevishwa bila ruhusa yake.

"Tumemtukana mara ya pili," Kobe alikiri.

Mkurugenzi alipopita alifoka mpaka njiwa wakaruka. "Nani amemfanyia Mama hivi? Toa! Toa sasa hivi!"

Alikuwa ameshaanza kumwita Mama. Hata hajamwona.

Likabaki turubai. Ijumaa tulilipandisha, la buluu, likafunika uso wote kuanzia paji mpaka kidevu, kamba moja ikashuka hadi chini. Nikamwambia Kobe: kesho wewe simama kwenye kamba hii, usiondoke, na mtu yeyote akikwambia uvute, usivute. Mama akiuliza, rangi haijakauka.

"Nimekuelewa," alisema Kobe.

Jumamosi saa nne kasoro dakika tano gari likaingia. Mama mkwe hajawahi kuchelewa. Huwahi, ili akukute unachelewa.

Alishuka na mwavuli wake mweusi, ambao haufungui kwa jua wala kwa mvua. Ni wa kuonyeshea. Nyuma yake mke wangu, amenenepa kidogo, amependeza, na kwenye kanga mgongoni kichwa kidogo chenye nywele laini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kofia."

"Kofia gani, Mama?"

"Kibao kimeandikwa hapo getini, kila mgeni avae kofia ngumu. Nimesimama hapa dakika nzima sijapewa."

Nikakimbia kuleta kofia. Dosari ya kwanza, na hata mti hajauona. Mke wangu akainama kuficha kicheko. Nilipompa yeye ya kwake vidole vyetu viligusana, na nakwambia kweli, mtu mzima mwenye miaka thelathini na minane nilisahau kuiachia kofia.

Kifaranga alinitazama. Akakunja uso. Akalia.

"Hajakuzoea," mke wangu alisema, pole pole. Hakusema kwa ubaya. Iliniuma kuliko kama angesema kwa ubaya.

"Mama, tuanzie nyuma," nikasema. "Nyuma ndiko kwenye kazi yenyewe."

Tukaanzia nyuma. Mama alikagua kama mtu aliyelipwa. Aligonga gome kwa kichwa cha mwavuli, akaweka sikio.

"Hapa ndani kuna uwazi."

"Kuna ngazi, Mama. Na bomba la kushusha maji ya mvua."

"Na hapa?"

"Hapo ni nguzo, chuma kitupu."

Alipitisha kidole kwenye mistari ya gome, akakitazama kama kina vumbi. Akauliza majani hayatapauka kwa jua, nikamwambia yamechanganywa rangi ndani, si kupakwa juu. Akauliza nani atayafuta vumbi majani elfu kumi na mbili. Hatujawahi kulifikiria, Mkurugenzi wala mimi. Akatikisa kichwa, akaendelea.

Kisha akafika kwenye mizizi. Mizizi yetu ni mirefu, mtu anaweza kukaa juu yake kama kwenye benchi. Alisimama pale muda.

"Hii ndiyo mliyoimwaga siku ile?"

"Ndiyo, Mama."

Aliinama, akatafuta kwa macho kutoka mwanzo wa mzizi mpaka unapoingia ardhini. Alitafuta ufa. Alitafuta kwa bidii.

"Haujapasuka," akasema mwishowe.

"Haujapasuka, Mama."

"Basi angalau hilo hukudanganya." Akanyoosha mgongo. Akamwangalia binti yake. Naapa niliona kona ya mdomo wake ikilegea. "Si kazi ya kijinga. Nilidhani ni ya kijinga."

Mke wangu akanikonyeza. Moyo wangu ukapanda mpaka kwenye majani.

Ningesema hapo hapo, Mama, tukanywe chai. Ningesema hivyo, leo usingekuwa unanisoma.

"Na ile buluu ni nini?" Mwavuli ukanyooshwa juu.

"Rangi, Mama. Haijakauka."

"Rangi haikauki ikiwa imefunikwa."

Nikaitazama kamba badala ya kumtazama yeye.

"Miaka thelathini na moja nimekagua," Mama alisema. "Kinachofunikwa ndicho kinachokaguliwa." Akamgeukia mtu aliyesimama kwenye kamba. "Wewe. Vuta."

Kobe, ambaye hufanya kila kitu taratibu, alivuta papo hapo. Baadaye aliniambia kuwa mkono ulivuta wenyewe; ile sauti ilimrudisha darasa la tatu.

Turubai likaanguka.

Mama mkwe akamtazama mama mkwe.

Mke wangu aliweka kiganja mdomoni. Mimi nilikuwa nahesabu nondo zilizobaki stoo, sijui kwa nini.

Halafu kikasikika kicheko. Kifaranga, juu ya mgongo wa mama yake, ametoa mikono nje ya kanga anainyoosha kwenye ule uso wa saruji na kucheka kwa sauti. Uso wa bibi yake anaujua. Mimi baba yake nilimliza. Nilifurahi na nikaumia kwa wakati mmoja, sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa kifuani pamoja.

Mama hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena.

"Mama yangu," akasema.

Nilidhani ni mshangao tu, kama wa mtu aliyeona balaa. Lakini alikuwa anasema kweli. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Ni mama yangu. Kidoti chake hiki, ndicho nilichorithi." Akakigusa chake juu ya nyusi. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili alipofariki. Picha yake ilikuwa moja tu, ikaondoka na mafuriko pamoja na nyumba. Nilishasahau sura yake, nilikuwa nalala nikijaribu kuikumbuka. Na hii hapa." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, alinitazama kama mtu anayeomba kitu. "Mwanangu, umemjuaje?"

Sasa msomaji, hapo ndipo nilipotakiwa kusema kweli. Wewe ungesema. Najua ungesema, kwa sababu wewe umekaa na gazeti lako.

"Nilimwota, Mama," nikasema.

Mke wangu alinigeukia. Yeye ananijua. Mimi nikilala hata nyumba ikiungua siamki, sembuse kuota.

Lakini Mama alishaamini. Alikaa juu ya mzizi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kumbe alikuja kwako. Kati ya watu wote." Akalia kidogo, akajifuta. "Na mimi nimekushikia familia yako miezi minne. Binti yangu, kalete mkoba garini."

"Mama, una hakika?"

"Kalete."

Mke wangu akaenda. Nilimwangalia akienda na nikasema moyoni, Mungu wangu, huu uongo nitaulea. Nitaulisha, nitaukuza, nitausomesha.

Alirudi na mkoba begani, ule wa maua, umejaa mpaka zipu inalalamika. Na nyuma yake, akicheka kabla hajafika, akaja Mkurugenzi.

"Wageni! Karibuni, karibuni! Mmemwona Mama wetu?"

Akanyoosha mkono kumsalimia mama mkwe. Mkono ukabaki hewani. Akamwangalia. Akaangalia mtini. Akamwangalia tena. Akachomekea shati.

"Kumbe ni wewe!" akapiga makofi. "Fundi, mbona hukuniambia kwamba ni mtu wa kweli? Mama, shikamoo! Unajua huyu fundi wako alitaka kukupiga nyundo? Nilimkuta ameshaiinua! Ananiambia, Mkurugenzi, namwogopa huyu mama mpaka ndotoni, tumwondoe!"

Alicheka peke yake. Alicheka kwa muda, kisha akaona kwamba anacheka peke yake, akapungua, akanyamaza.

Mama mkwe akaachia mkono wangu. Hakuurusha. Aliuweka chini taratibu, kama kitu alichokiazima.

Akainuka. Akautazama uso tena, kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

"Kumbe si yeye," akasema. "Ni mimi."

Akanigeukia.

"Hivi ndivyo ninavyokutazama, mwanangu?"

Aliyejibu ni Kobe, bado ameshika kamba, bado yuko darasa la tatu. "Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulikuwepo akinichonga?"

"Nilikuwepo, Mama."

"Alikuwa anasema nini? Mtu hachongi mdomo kama huu akiwa kimya."

Kobe akanitazama. Nikamtazama kwa macho ya kufa. Haikusaidia.

"Alikuwa anagomba na wewe, Mama. Muda wote. Kuhusu kucha za malaika, na mpira wa kabatini."

"Na mwisho?"

"Mwisho sijui. Nilikwenda kuchota maji."

Mama akafikiri. Akachukua kofia ngumu aliyokuwa ameiweka kwenye mzizi, akanivalisha mwenyewe, akaikaza kamba kidevuni mpaka ikanibana.

"Panda," akasema.

"Wapi, Mama?"

"Pale pale ulipokuwa siku ile. Sema yote uliyoniambia, kuanzia juu mpaka chini, kwa sauti, tusikie mimi na mkeo. Usiruke hata mstari. Mimi sikagui nusu ya daftari."

"Mama, mengine hayasemeki."

"Uliyasema."

Nikapanda. Jukwaa halijawahi kuwa refu vile. Nilipofika kwenye paji la uso nikageuka, nikawaona chini: mwavuli, Mkurugenzi na shati lake, Kobe na kamba, na mke wangu na mkoba wa maua begani, Kifaranga mgongoni kwake bado anauchekea ukuta.

Nilianzia mwanzo, kama nilivyoamriwa. Miti ya Mungu haina ngazi. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Shina lina uwazi, linavuma. Nikasema ya nyusi. Nikasema ya pua. Mwavuli haukutikisika. Nikafika mdomo wa juu, nikayasema na yale ya mdomo wa juu, yote, na yale ambayo hayachapwi, kila neno likizunguka bustani nzima na kunirudia.

Chini, mke wangu aliuhamisha mkoba kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Kisha akageuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye gari.

Na mimi nilikuwa bado sijafika mdomo wa chini.